Nta Bantu

Nilimjua miaka tisa na sikuwahi kumuuliza alizaliwa wapi. Wengine walisema Uvira, wengine Bukavu, na fundi cherehani wa jirani yake alishikilia kwamba alizaliwa ndani ya lori katikati ya miji hiyo miwili, jambo ambalo mwenyewe hakulikana wala hakulikubali. Mtaa mzima wa Kibenga ulimwita Mama Buji, maana buji ndilo jina la mshumaa huku Bujumbura, na mishumaa ndiyo iliyomlisha. Lakini mimi simkumbuki kwa mishumaa. Namkumbuka kwa watu wake kumi na mmoja waliosimama garajini, wote wakiwa na pua moja.

Niliingia kwake kwa kosa la kusoma.

Shule niliiacha mwaka wa pili wa sekondari kwa sababu dirisha la darasa letu lilitazama barabara ya Rumonge, na kila lori lililopita lilinifanya nijiulize linakwenda kushusha nini. Nikaenda kuangalia. Tangu hapo nimebeba mawese kwa baiskeli, nimepakia magunia bandarini, nimepaka rangi nyumba za Mutanga Nord za watu waliosema watarudi baada ya mwezi mmoja. Ilikuwa miaka ya vita, na mtu asiye na chumba alijifunza upesi kutambua nyumba tupu. Asubuhi moja nikitoka Ruziba kwa miguu, mvua ilinikuta Kibenga. Nikaona geti lililo wazi nusu, nyumba kubwa iliyofungwa madirisha yote, na kando yake garaji yenye kibao cha herufi nyekundu: NTA BANTU.

Mtu aliyekulia Bujumbura huyasoma maneno hayo kwa Kirundi bila hata kufikiri: hakuna watu. Nikamshukuru mwenye nyumba kwa adabu yake ya kuandika. Nikavua viatu vilivyolowa, nikasukuma mlango polepole, nikaingia nikinyata. Ndani walisimama watu kumi na mmoja, kimya, wakinitazama.

Nikasema neno la kijinga kuliko yote niliyowahi kuyasema. Nilisema, "Hakuna watu?"

"Tuko," sauti ikanijibu.

Nilibaki nimeshika viatu kifuani kama mtoto aliyekamatwa. Nyuma ya bwana mmoja mrefu alitokea mama mfupi, kitenge kimefungwa juu ya kitenge, chanuo mkononi. Alikuwa akimchana yule bwana, na yule bwana hakupepesa jicho.

"Funga mulango, mvua inaingia," alisema. "Na usalimie."

Nikamsalimu.

"Mi umenisalimia. Na bale?"

Ndipo nilipoelewa. Katika Kiswahili chake cha ng'ambo ya ziwa, nta ni nta, kitu cha kutengenezea mishumaa, na bantu ni watu. Alikuwa ametaka kibao kiseme Bantu ba Nta, lakini ubao ulikuwa mfupi na mpaka rangi alikuwa na haraka, akaandika yale yaliyoenea, tena kinyumenyume. Kwa hiyo nyumba pekee mjini kwetu iliyofunguliwa ili watu waje kutazama watu ilitangaza mlangoni kwamba hakuna watu.

Sheria ya kuingia ilikuwa moja tu: ulisalimia wote kumi na mmoja, mmoja mmoja, kwa vidole viwili, kwa sababu mkono wa nta ukiukamata sawasawa unabaki na umbo la mkono wako. Ukiruka mmoja ulirudishwa mwanzo. Nilimwona akimrudisha karani wa komini, ofisi ya serikali ya mtaa, mara tatu, na karani alikuwa amevaa tai.

Hawakuwa watu wakubwa. Hakuwapo mfalme wala mchezaji wa mpira. Palikuwa na mwoka mikate wa njia panda, refa wa mechi za Jumapili, fundi cherehani, mchinjaji wa Buyenzi aliyekuwa akija na baiskeli yenye kikapu, mwanamke wa ndagala, dagaa wa ziwani, kutoka Ruziba, mwalimu mmoja mstaafu, na wengine wa namna hiyo, watu ambao ungewapita bila kugeuka. Miili yao ilikuwa fremu za mbao zilizojazwa majani makavu ya migomba. Nta ilikuwa vichwa na mikono. Nywele zilitoka sakafuni kwa kinyozi, macho yalikuwa vifungo vya koti, na nguo zilikuwa zao wenyewe. Hilo lilikuwa sharti. Ukitaka kutengenezwa, ulileta nguo uliyoizoea, si mpya.

Na ile pua. Mama Buji alikuwa amepika mishumaa ya parokia kwa miaka mingi, na siku sanamu ya plasta ya Mtakatifu Yosefu ilipoanguka, padri alimwachia uso uliovunjika. Kutokana na uso huo alitengeneza kalibu ya udongo ya kumiminia nta. Macho, midomo na mashavu aliweza kuyabadilisha kwa kijiko cha moto. Pua ilimshinda. Kwa hiyo mwoka mikate alikuwa na pua ya Mtakatifu Yosefu, na mwanamke wa ndagala pia, na mchinjaji, ambaye alikuwa Mwislamu wa kuswali swala tano, naye alikuwa nayo. Nilikuwapo siku mchinjaji alipokuja kujiona. Alijizunguka mara mbili, akashika pua yake ya kweli, akashika ile nyingine.

"Alhamdulillah," alisema. "Ni nzuri kuliko ya mama yangu. Lakini usimwambie imamu."

Garaji ilifunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa nne. Ukifika saa nne na nusu ulimkuta amesimama mlangoni, amefumbata mikono. "Banachoka," alisema. "Urudi kesho." Nilidhani ni madeko ya kizee mpaka siku moja niliponyemelea mchana. Joto la Bujumbura halina huruma kwa nta. Refa alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza ungamo, mwalimu taya lilikuwa limemshuka, na mwanamke wa ndagala alikuwa akimwegemea fundi cherehani kwa namna ambayo mke wa fundi asingeipenda. Mama Buji alipita kati yao na beseni la maji ya ziwa na kitambaa, akiwapooza mmoja mmoja, akiwanyoosha shingo, akiwasemesha kwa sauti ya chini. Jioni walikuwa wima tena.

Alikuwa na mambo yasiyolingana, na hakujali. Alitengeneza mishumaa maisha yake yote na aliogopa moto. Asubuhi alimwita fundi cherehani aje kuwasha mbabula yake, jiko la makaa, na yeye akasimama nje ya geti mpaka makaa yakae sawa. Hakushika kiberiti kamwe. "Mi natengeneza buji," alisema, "kuziwasha ni kazi yenu." Alichukia kupigwa picha kwa sababu, alisema, picha inadanganya, lakini ukimuuliza umri alikujibu hamsini, na mwaka uliofuata hamsini, na miaka tisa baadaye alikuwa ameshuka hadi arobaini na nane. Alikaa bure katika garaji ya tajiri aliyekimbilia Ulaya, mlinzi asiye na bunduki wala filimbi, na kila Jumamosi alifagia ua wa mtu huyo kwa bidii, huku akimtukana kwa jinsi alivyopanga vigae.

Kuhusu kile kibao, Kibenga iligawanyika. Wengine waliamini kwamba hakujua Kirundi kinasemaje. Wengine walisema haiwezekani. Alikuwa akibishana sokoni kwa Kirundi kilichonyooka. Mpaka rangi alirudi mara mbili kwa aibu yake mwenyewe kutaka kukirekebisha, Mama Buji akamfukuza. Mimi nilimuuliza waziwazi siku moja tukichambua maharagwe. Alichambua mpaka sahani ikaisha.

"Kuna siku mutu anapita anatafuta bantu," alisema. "Anasoma pale. Anaenda."

Kisha akaniambia nisitupe maharagwe yenye matundu, atawapa kuku. Hakulisema tena, na mimi sikuuliza tena.

Ile ilikuwa miaka ambayo majirani walijifunza kupitana bila salamu, kila mmoja na sababu zake, nyingine nzito kiasi cha kutotajwa. Mwoka mikate na refa walikuwa na sababu nyepesi: penalti. Hawakuwa wamesemezana tangu mechi moja uwanja wa shule, na Mama Buji aliwasimamisha wa nta bega kwa bega kwa makusudi. Mwoka mikate alipokuja kujiona alisalimia kumi, akamruka refa. Akarudishwa mwanzo. Akaruka tena. Mara ya tatu alinyoosha vidole viwili akitazama dari.

"Apana hivyo," Mama Buji alisema. "Ni mutu. Muangalie."

Akamwangalia. Akaguna salamu. Wiki ile ile nilimwona njia panda akimpa refa wa kweli mkate, hakumwambia kitu, refa naye hakumwambia kitu, lakini alichukua. Penalti wanaibishania mpaka leo.

Sasa niseme nilichokuwa nakitaka, kwa sababu ndicho kilichonirudisha pale kila mara. Nilitaka kuwa wa kumi na mbili. Kila nilikolala nilikuwa mgeni, na mle garajini niliona watu ambao mji ulikuwa umewakubali kiasi cha kuwapa kona ya kusimama. Nilijua hata shati nitakaloleta.

Mama Buji alikataa, halafu akakubali kwa sharti. Uso wa mtu ulimchukua asubuhi saba za kuutazama kabla hajagusa nta. Ukae mbele yake, unyamaze, asubuhi saba mfululizo. Nilikaa mbili. Ya tatu lori lilikuwa linakwenda Nyanza-Lac na dereva alikuwa na nafasi. Niliporudi baada ya miezi mitatu tulianza upya. Mara hii nilifika asubuhi ya nne, nikasikia kwamba Ruziba wamevua samaki asiyejulikana jina, nikaenda kumwona. Mara ya tatu sitaki hata kuieleza.

"Uso wako," aliniambia, "mi sijamaliza jicho moja, yote inakuwa imekwenda."

Halafu nchi jirani zikafunga mipaka. Mafuta ya taa yakawa haba, umeme ukawa unakuja ukijisikia, na mapipa ya nta iliyokuwa ikivuka ziwa yakaacha kuvuka. Mama Buji aliuza mishumaa yake yote, kisha akakata minene kuwa miembamba, kisha akabaki na sufuria tupu. Hapo ndipo mkunga wa kiliniki ndogo ya wazazi alipokuja garajini. Alisalimia wote kumi na mmoja bila kuruka hata mmoja, kwa sauti nzuri, na alipomaliza akasema amekuja kuomba vichwa.

Hakukuwa na mjadala kuhusu haja. Watoto huzaliwa saa wanayotaka wao, umeme uwepo usiwepo. Mama Buji alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akawatazama watu wake mmoja mmoja. Sijawahi kumwona amekaa muda mrefu vile bila kazi mkononi. Nikasikia mdomo wangu unasema kwamba najua wafuga nyuki milimani, kwamba wana nta ya bure kabisa wanayoitupa, kwamba nitaleta gunia zima.

"Wiki mbili," nilisema. "Msimyeyushe mtu. Wiki mbili tu."

Alinitazama miguuni, siyo usoni. "Haya," alisema. "Twende wiki mbili."

Wafuga nyuki nilikuwa nawajua kweli. Lakini barabara ilifungwa, nikazunguka, katika kuzunguka nikasikia Kigoma kuna kazi ya kupakia meli, nikasema siku kumi tu. Kutoka huko nikasikia habari za reli. Nilirudi baada ya mwaka mmoja na nusu. Nta nilileta, hilo nilitimiza: bonge moja la ukubwa wa mkate, la manjano, limefungwa kwa jani la mgomba, likinuka asali na moshi.

Walisimama kumi na mmoja garajini, wamevaa nguo zao, bila vichwa wala viganja.

Nilisimama mlangoni, bonge nimelinyoosha mbele. Mama Buji alilipokea bonge, akalipima kwa kiganja, akaliweka juu ya rafu.

"Wiki zako ni ndefu," alisema. Halafu: "Usalimie."

Nikasalimia mashati kumi na moja, moja moja, kwenye ncha ya mkono mtupu.

Yaliyotokea nilisimuliwa na fundi cherehani, akicheka mpaka sindano ikamtoka mdomoni. Baada ya wiki ya tatu Mama Buji alisema hawezi kumyeyusha mtu bila ruhusa yake. Akawaita wote, wa kweli, waje asubuhi moja. Alidhani watakataa na yeye ataponea hapo. Badala yake waligombania kutangulia.

"Muanze na mi," mchinjaji alisema. "Mi ndiye munene, nitawaka siku mingi. Na hii pua murudishe kanisani."

Refa alidai kwamba yeye amezoea kuanzisha mambo. Mwoka mikate akasema akianza refa, basi yeye hataki kuwa wa pili, aliwahi kuonewa na mtu huyo mara moja, inatosha. Mwalimu mstaafu akapendekeza waende kwa alfabeti, wakamzomea. Mwishowe walipiga kura kwa punje za mahindi, na refa akashinda, na mwoka mikate akataka punje zihesabiwe upya. Kichwa cha refa kilizalisha pacha. Mkunga alikuja kueleza kwamba wa pili alichelewa sana na nta ilikuwa inakwisha, lakini refa aliongeza dakika. Refa wa kweli alitembea na habari hiyo mtaani kwa mwezi mzima.

Sharti la Mama Buji lilikuwa moja: matone yasitupwe. Nta ikidondoka mezani, sakafuni, kwenye sahani, ikwanguliwe na kuwekwa. Kibenga ilikwangua. Kiliniki ilikwangua, nyumba zilizopewa kipande zilikwangua, na kila jikoni palikuwa na kopo la maziwa ya unga lenye matone ndani, likisubiri mipaka ifunguliwe.

Sikumwomba tena anitengeneze. Nilipita kila nilipokuwa mjini, nikamchotea maji, nikanyoosha paa la garaji, nikaondoka tena. Tukizungumza ilikuwa habari za njia: aliuliza Kigoma wanapika nini, treni inalia vipi, na alisikiliza kama mtu anayechukua vipimo.

Mara ya mwisho kumwona vita vilikuwa vimechoka. Vizuizi vya barabarani vilikuwa vimeondolewa, na pale Kibenga watu walikuwa wameanza tena kukaa kando ya ziwa na chupa ya baridi bila kutazama saa. Nilifika asubuhi. Kibao kilikuwa palepale, rangi imepauka. Mama Buji alikuwa amepungua, macho yake yamefunikwa na ukungu, na alinitambua kwa namna nilivyosukuma mlango.

"Usalimie," alisema.

Walikuwa wamerudi. Makopo yalikuwa yameletwa, moja moja, kutoka kila nyumba. Yote yalikuwa yamemiminwa katika sufuria moja, na hakuna aliyeweza kusema nta ya nani imekwenda kwa nani. Sura zao sasa zilikuwa za kijivu kama jivu la kuni, na ukikaribia uliona vipande vya njiti za kiberiti ndani ya mashavu. Kalibu ilikuwa imemeguka ncha ya pua, kwa hiyo wote kumi na mmoja walionekana kama walianguka na baiskeli moja. Mwoka mikate na refa walikuwa bega kwa bega. Nilisalimia taratibu, nikifurahi kila kidole. Nilipofika wa mwisho, kando ya mlango, niliona kitu ambacho nilikuwa nimekipita wakati wa kuingia.

Ilikuwa miguu miwili. Miguu tu, mpaka vifundoni, juu ya ubao. Ya manjano. Nikainama, ilinuka asali na moshi. Kidole kidogo cha mguu wa kushoto kilikuwa kimempanda mwenzake mgongoni, na hicho nakijua, kwa sababu ni changu tangu nizaliwe.

"Uliiona lini, Mama?"

"Siku ile ya kwanza. Si uliingia bila viatu kama mwizi?"

Nikacheka mpaka nikakaa sakafuni. Nikamuuliza uso uko wapi. Akasema uso haukutulia, achukue nini, na nta niliyoleta ilitosha miguu tu. Ningeleta gunia kama nilivyoahidi ningekuwa na magoti. Kisha nikaona jambo lingine, nikadhani ni kosa la macho yake. Vidole havikuelekea barabarani. Vilielekea ndani, kwa wale wengine.

"Umeigeuza, Mama," nilimwambia. "Mimi ni mtu wa kutoka."

"Kutoka banatoka bote," alisema, akipapasa sikio la mwalimu ili alinyooshe. "Kurudi-rudi hivi, ni we tu."

Nikavua viatu. Sijui kwa nini. Nikaweka miguu yangu sakafuni sambamba na ile ya nta, na tukasimama hivyo, mimi na yeye na wale kumi na mmoja, saa nne ikikaribia na joto likianza kuingia chini ya mlango.

Nje, getini, wasichana wawili wa shule walisimama. Mmoja alisoma kibao kwa sauti, akamvuta mwenzake mkono. Hakuna watu, alimwambia kwa Kirundi, twende.

Mama Buji alikuwa na pini mdomoni na mikono yote miwili shingoni kwa mwalimu. Akaniinulia nyusi.

"Tuko," nikasema.